Fyuzi ya Kijani Ndani ya Kopo la Vifungo

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yako. Hujambo huko? Bwana wako mgongo umetulia, au bado anaamka amejipinda? Na mapacha wanaendeleaje na masomo yao? Sisi huku tunakula, tunatembea, tunalala. Nikisema hatuna neno nitakuwa nimekudanganya, na wewe tangu siku ya kwanza niliyoingia ukoo wenu hudanganyiki.

Barua yako ilifika. Nilimsomea kaka yako kwa sauti, maana siku hizi anapenda kusomewa, tukacheka mpaka machozi pale uliposema umegonga bega tena kwenye mlango wa ghala la kazini, na kwamba milango yote ya huko sasa inakujua kwa jina. Kaka yako akasema ulizaliwa na haraka. Nami nikacheka. Leo nikiikumbuka sehemu hiyo sicheki, na sababu utaiona mbele.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Wifi, mimi na wewe tukishika simu ni vicheko tu, na nikishacheka ujasiri wote unaniishia. Jambo hili nataka ulisome umekaa, polepole, na usiniruke mistari kama ulivyozoea.

Nianze na gari. Unalikumbuka gari letu jeupe, lile ulilolibandika jina la Bibi Harusi kwa sababu halitoki getini bila kuoshwa. Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, tulikuwa tunapeleka mapazia hotelini. Mapazia ishirini na manne, nimeyashona wiki nzima, yamejaa kiti cha nyuma mpaka kwenye paa. Barabara kuu wanachimba mabomba, tukakwama kwenye foleni, magari hayasogei hata hatua. Nilikuwa natazama huku na huku bila kazi, ndipo nikauona mshale wa joto kwenye dashibodi umepanda mpaka kwenye rangi nyekundu. Na taa ya onyo imewaka, wifi, nyekundu kabisa. Kaka yako ameshika usukani, anapiga mluzi.

"Fundi, huo mshale vipi?" nikamuuliza.

"Mshale gani?"

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha dashibodi, kisha akazima injini papo hapo. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nyuma wanapiga honi, mbele tingatinga linanguruma, na mimi nikawaza jambo moja tu, moto. Nilijikuta kando ya barabara nimeshika viatu mkononi, na mpaka leo sijui nilivivua saa ngapi. Kaka yako alimkataza kila mtu kugusa kifuniko cha rejeta, pale panapotiwa maji ya kupoza injini. Tukakaa karibu saa nzima injini ikapoa, akaongeza maji, tukarudi nyumbani kwa kusimama-simama. Kwamba hakuuona mshale, nilijiambia ni mluzi ule, mawazo yake yalikuwa mbali.

Feni ya injini haikuwa imewaka. Alinieleza njiani, nami nakueleza wewe uelewe yaliyofuata. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni, na feni ikigoma maji yanachemka. Kwa mtu ambaye mtaa mzima unamwita Daktari wa Nyaya, hiyo ni kazi ya nusu saa. Mwaka jana aliifanya kwenye gari la mwalimu wa jirani huku anakula muhogo.

Siku ya kwanza nilihamishia cherehani yangu barazani nimtazame. Alizungusha mapanga ya feni kwa mkono, yakazunguka laini. Akawasha kiyoyozi, ambacho kikiwashwa feni inatakiwa iamke yenyewe. Kimya. Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri akazigusisha moja kwa moja kwenye feni, ikavuma mpaka vipande vyangu vya kitambaa vikaruka. "Mota nzima," akasema, ameridhika. Kisha akafungua kisanduku cha fyuzi kando ya betri, akaichomoa ile kubwa ya kijani, akaiinua juu mbinguni, akafumba jicho moja.

"Fyuzi nzima," akasema, akairudisha.

Unalijua pozi hilo. Ni la baba yenu mwenyewe, Mzee wa gereji, aliyewaambia wanafunzi wake wote kwamba taa ya kupimia umeme ni ya mtu anayejifunza, fundi fyuzi anaiona kwa jicho. Kaka yako ana taa tatu za kupimia, na kwenye fyuzi hajawahi kutumia hata moja. Nani angemwambia rudia? Mimi? Mimi mwenyewe nilikwisha kuiandika kichwani kwamba fyuzi ni nzima, tukaendelea mbele.

Tuliendelea siku nne. Aliishika relei, kile kiswichi kinachoipa feni umeme, kwa vidole nami nikawasha swichi. "Imelia tik, nzima." Akabadilisha sensa ya joto, hakuna kitu. Akausugua kwa msasa ule waya mweusi unaoshikwa kwenye bodi ya gari mpaka ukang'aa. Akapapasa nyaya zote moja moja kwa vidole, akakuta mmoja umekwaruzwa na ukingo wa rejeta, umebaki wazi bila ngozi. Akauzungushia utepe, akasema sasa mbaya wetu tumempata. Akawasha. Kimya.

Siku ya nne nilimkuta amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, mikono imejaa grisi. Watu wawili walikuja na magari yao akawaambia warudi wiki ijayo. Hapo ndipo hofu iliponiingia, wifi, nakwambia kweli. Sikuogopa gari. Nilianza kukumbuka mambo. Kwamba asubuhi ile alimimina chai kando ya kikombe, akanilaumu nimehamisha kikombe. Kwamba kigoda cha jikoni amekipiga teke mara tatu kwa wiki, na kigoda hicho kimekaa pale pale miaka kumi. Kwamba ameacha kusoma magazeti, anasema habari ni zile zile.

Alipoingia kuoga nikaenda kwenye gari. Nilitembea kwenye uwanja wangu mwenyewe kama mwizi. Nikakifungua kisanduku, nikaichomoa fyuzi ya kijani, nikaiinua juu kama yeye. Mimi ni mtu wa nyuzi, nimezitazama nyuzi miaka thelathini. Kale kakamba ka chuma kaliko ndani ya plastiki kalikuwa kamekatika katikati, na pande zote mbili pamebaki weusi wa kuungua. Nikajiambia labda nimeona vibaya. Nikavua miwani, nikaipangusa kwa pindo la gauni, nikavaa tena. Kamekatika. Hata mtoto angekaona.

Nikashika boneti. Waya uliokwaruzwa ndio ulioikata fyuzi, na waya alikuwa ameshautengeneza tangu siku ya tatu, kwa vidole vyake. Kilichobaki ni kubadilisha fyuzi tu. Aliitazama siku ya kwanza akaiona nzima.

Sasa sikiliza nilivyofanya, na unilaumu ukitaka. Nilichukua fyuzi mpya kwenye kisanduku chake cha vifaa, nikaichomeka. Ile iliyokufa nikaitia mfukoni, baadaye nikaificha ndani ya kopo langu la vifungo. Alipotoka kuoga nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Hebu washa mara moja zaidi, labda litakuonea huruma." Akawasha. Tukasubiri mshale upande. Feni ikaanza kuvuma.

Wifi, laiti ungemwona! Alipiga makofi, akalipiga Bibi Harusi busu kwenye taa. "Ule waya mweusi! Nilijua ni ule waya mweusi!" Akaenda kumwita jirani yetu wa matairi aje asikie. Nami nikapiga makofi, nikacheka, nikajitia hamnazo. Nilimwibia mume wangu ukweli mchana kweupe nikamwachia furaha ya bandia. Ningemwambiaje? Mtu amelisha nyumba hii kwa macho na vidole, mimi nimwambie kimoja kimeondoka?

Zilifuata siku nane ambazo sizitaki tena maishani. Kila gari lililotoka gerejini nililisindikiza kwa macho mpaka kona, roho juu. Nilikuwa nikiamka nakuta nimekaza taya. Nikiingia naye kwenye gari nakaa mbele, nashika mlango, naisoma barabara kwa ajili yetu wawili. "Kuna lori." "Nimeliona." "Kuna mama na ndoo." "Mke wangu, umekuwa trafiki?"

Siku ya tisa tulikuwa tunatoka sokoni. Mtu wa baiskeli akaja kutoka kushoto, taratibu tu, amebeba trei za mayai. Nilimwona tangu mbali nikanyamaza, nikasema moyoni huyu hata kipofu angemwona. Kaka yako hakupunguza mwendo. Nilipiga ukelele, akafunga breki, baiskeli ikaanguka, mayai yakamwagika barabara nzima. Yule bwana alichubuka kiwiko tu, Mungu mkubwa. Aliinuka akatutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi hii nzuri. Kaka yako ameshika usukani, amekuwa mweupe midomoni, anarudia neno moja tu.

"Ametokea wapi? Ametokea wapi huyu?"

Tulifika nyumbani. Alizima gari akabaki amekaa. Nikadhani anasikiliza injini ikipoa. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Kwenye kisanduku changu kulikuwa na fyuzi kubwa tano. Nazijua kwa vidole. Zimebaki nne tangu siku ile feni ilipowaka."

Niligeukia dirishani, nikalitazama geti.

"Niletee ile ya zamani," akasema.

Nilikwenda nikalileta kopo zima la vifungo, kwa sababu mikono ilikataa kuchagua. Akatia vidole, akapapasa katikati ya vifungo, akaipata bila kuitazama. Akaiinua kwenye kioo cha mbele, jua linaingia vizuri. Akafumba jicho moja, kisha akalifumbua akafumba jingine.

"Wewe unaona nini?"

"Imekatika, Fundi. Katikati."

"Mimi naona nzima," akasema. Akaishusha mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikamwona kaka yako anaogopa.

Kesho yake tulikwenda kliniki ya macho, jirani wa matairi ndiye aliyetuendesha. Tulikuta benchi limejaa. Kaka yako alikuwa akitania kila mtu, na mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa baridi. Herufi kubwa za ukutani alizisoma zote, nikaanza kupumua. Kisha daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, akakaa mbele yake, akamwambia amtazame puani asihamishe macho, akanyoosha mkono pembeni na kuanza kutikisa vidole, akivisogeza ndani taratibu. "Ukiviona niambie." Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaka yako, nikaviona mara moja. Kaka yako akawa anasubiri. Vidole vinakuja, mimi naviona, yeye anasubiri, na ninataka kupiga ukelele kama nilivyoupiga barabarani. Vilikaribia shavu lake ndipo akasema, "Hivyo hapo."

Ni presha ya macho. Daktari alisema inakula polepole kuanzia pembeni, haiumi, haiwashi, na jicho moja linamfichia mwenzake, ndiyo maana mwenyewe hajui. Vitu vyembamba na vyenye mwanga hafifu navyo vinampotea. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, ya kulinda kilichobaki. Kuendesha gari, basi tena. Aliyapokea yote hayo kwa kutikisa kichwa, kama mteja anayeambiwa gari lake lina ugonjwa gani.

Kisha daktari akauliza kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo mwenye shida ya macho.

Kaka yako akasema hapana. Baba alipofuka, lakini ule ulikuwa uzee. Daktari akauliza alianza akiwa na umri gani. Tukahesabu, wifi. Tulihesabu mara mbili. Unakumbuka mlivyomweka Mzee kwenye kiti mlangoni pa gereji akawa anayatambua magari kwa mlio, na wageni wakamsifu? Unakumbuka wewe ndiye uliyekuwa unamshika mkono kumpeleka chooni, ukiwa bado na sare za shule? Hakuwa amefika hata miaka hamsini na mitano. Uzee gani huo?

"Ndugu wa tumbo moja mko wangapi?" daktari akauliza.

"Wawili. Mimi na mdogo wangu wa kike."

Tukatoka mpaka getini pa kliniki. Pale akasimama, watu wanatupita, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Amegonga bega kwenye mlango," akasema. "Uliponisomea, nikacheka."

Ndiyo maana nakuandikia, Chiriku. Daktari alisema ndugu wote wapimwe, hata anayejiona mzima, na hasa anayejiona mzima. Usiniambie kazi ni nyingi. Usiniambie ni haraka zako, umezaliwa nazo. Mlango huo ni upande gani kila mara? Bega ni lile lile? Sijalala vizuri tangu siku ile ya kliniki kwa ajili ya swali hilo, na sitaki kulijibu mwenyewe. Nenda ukapimwe presha ya macho, useme baba alipofuka na kaka ameipata. Wakikuambia huna kitu nitacheza ngoma barazani peke yangu majirani wanione.

Habari nyingine ni ndogo. Kaka yako bado anafanya kazi, asubuhi tu jua likiwa kali, na taa ya kupimia sasa anaitumia kwenye kila fyuzi, ingawa ananung'unika. Mimi nasoma rangi za nyaya, yeye vidole vinamaliza. Jana alinigombeza nimeita zambarau bluu, maana kila waya unakokwenda anakujua kwa moyo, nikajua bado yupo. Nimeanza pia kujifunza kuendesha, miaka hamsini na miwili hii, na kila honi inanitoa roho. Feni ya Bibi Harusi inawaka vizuri. Kila ikianza kuvuma nashtuka.

Msalimie sana bwana wako. Wasalimie mapacha, na yule shangazi wa ghorofa ya juu anayekupikia uji. Mwambie bwana wako naye asome barua hii, asiseme ni mambo ya mawifi.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kilichokunjwa, usikitupe. Ndani yake mna ile fyuzi ya kijani. Wazo ni la kaka yako, alikikunja mwenyewe. Anasema uiinue dirishani kama Mzee alivyowafundisha, ufumbe jicho moja, kisha ulifumbue ufumbe la pili. Mimi nimeshakuambia imekatika, kwa hiyo usikubali kwa sababu nimesema. Tazama mwenyewe. Ukiiona imekatika kwa macho yote mawili, nenda kliniki. Ukiiona nzima, usisubiri kesho.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango, akuachie nuru yako yote. Tunasubiri jibu, na safari hii tafadhali lisiwe utani.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda, na leo ninayeogopa kwa ajili yako,

Mama Uzi